Nilimgombeza Kambale wa Watu

“Weye unaulizaka kila kitu, sasa jina moja tu lilikushinda kuuliza?”

Hilo ndilo swali aliloniuliza mama mbele ya wageni wote, na mimi, mwenye shahada ya chuo kikuu na mdomo ambao padri wa parokia yetu aliwahi kuuombea hadharani, nilikodolea macho sahani ya sombe, yaani kisamvu. Aibu ninayo hata sasa, lakini kwa kuwa mmekwisha kunicheka kwa habari za kusikia, afadhali mnicheke kwa habari kamili.

Mambo yalianza na simu yangu. Nilibishana na binamu yangu Kahindo, nikisema sisi watu wa leo ni watumwa wa simu na kwamba mtu mwenye akili anaweza kukaa mwezi mzima bila hicho kidude, yeye akasema wiki haitaisha, basi kwa hasira nikamkabidhi simu yangu pale pale, na laini yake ndani, naye akaondoka nayo kwenda Eringeti anakonunua maharage. Siku nne zilipita vizuri (ya tano nilikuwa najipapasa mifukoni kama mtu mwenye viroboto). Siku ya sita mama akafua kikwembe chake na simu yake ikiwa imefungwa kwenye pindo. Nyumba yetu ya Butembo ikawa kimya kama ya watawa.

Kimya hicho ningekifurahia kama si kaka yangu Kambale. Yeye yuko Kampala, katika nyumba wanakofikia wafanyabiashara wa kwetu wanaokwenda kutafuta bidhaa. Simu yake ilikuwa imeibwa, na kwa miezi minane hakuwa amezungumza hata mara moja na baba wa mchumba wake Kavira. Baba huyo ni mzee mmoja wa Beni asiyependa mizaha. Mzee huyo alikuwa ametuma mtu kutuambia kwamba Jumapili atakuja na binti yake na wazee wake, na kama kijana hatamsemesha yeye mwenyewe, hata kwa simu, kabla ya saa sita mchana kupita, atamrudisha binti yake nyumbani na maneno yataishia hapo. Kumtafuta kijana haikuwa kazi yake, upande wa binti haukimbilii mwanamume. Ilikuwa kazi yetu. Na Kavira nilimpenda kweli, maana katika familia zote mbili ni yeye peke yake ambaye ukimuuliza swali gumu anakurudishia lililo gumu zaidi.

Ijumaa asubuhi mama alifungua kitabu chake cha sala, akanionyesha namba ya ile nyumba ya Kampala, imeandikwa kwa penseli ukurasa wa mwisho.

“Masika, enda ku kabine. Umuambie aite bokilo yake dimanche saa sita.” (Kwetu kuita ni kupiga simu, dimanche ni Jumapili, na bokilo ni mkwe. Neno tumelikopa kwa Kilingala na hatuna mpango wa kulirudisha.)

Ningeweza kuazima simu ya jirani, lakini jirani alijua habari za ubishi wangu na Kahindo, na mimi nina kiburi. Nikaenda sokoni, kwenye kabine ya simu za kulipia. Mama wa kabine alikuwa amekaa chini ya mwavuli wenye tobo, mbele yake simu nne zilizofungwa kamba kwenye mguu wa meza kama mbuzi.

“Chérie, hii njo inaitaka Uganda,” aliniambia, “mais sikio yake ilikufa. Ni haut-parleur tu.”

Nyuma yangu walikuwepo muuza kabichi na vijana wawili wa pikipiki, nao wangesikia kila neno. Nilisema haidhuru, sina siri.

Kampala mtu akaitika. Nikasema, “Naomba Kambale.”

Hapa inabidi niungame jambo. Kwetu sisi Wanande jina linasema umezaliwa wa ngapi, mtoto wa kiume wa pili ni Kambale, binti wa kwanza ni Masika, na ndiyo sababu watu wenye busara huongeza jina la ubatizo ili wasipoteane. Mimi nilikuwa nimeyakataa majina ya ubatizo tangu mwaka wa pili chuoni. Kwa nini jina la mababu lisitoshe? Nilikuwa nauliza hivyo hata mezani. Kwa hiyo kaka yangu Fidèle, kinywani mwangu, alikuwa Kambale, basi.

“Kambale? Ngoya kidogo.”

Nikasikia ndara zikiburutwa, redio ya mbali, halafu sauti ya mwanamume ndani ya upepo. “Allô? Ni nani?”

“Ni Masika, dada yako! Ao ulisahau mpaka sauti yangu?”

“Masika? Iko amani ku nyumba?”

“Amani gani! Miezi munane bibi yetu anakungojea kama mutu anangojea batengeneze barabara ya Beni, na weye uko Kampala unanenepa tu! Mama halale tena. Dimanche saa sita umuite baba yake, umuambie na kinywa yako kama unamutaka binti yake ao haumutake!”

(Sikumtaja Kavira kwa jina. Mchumba akishatambulishwa ni “bibi yetu”, ndiyo heshima.)

“Mama njo amekutuma?”

“Sasa nani mwingine?”

Simu ikavuma, halafu nikasikia kilio. Kaka yangu, ambaye ng’ombe alimkanyaga mguu asitoe hata chozi, alikuwa analia. Mtu anayejiita mdadisi angesimama pale na kujiuliza imekuwaje. Mimi nilifikiri ni nguvu ya hoja zangu.

“Unisamehe, Masika. Nilikuwa na haya. Haki ya Mungu, dimanche nitamuita.”

“Umuambie pia arudi!” muuza kabichi alidakia.

“Na urudi!” nikasema.

“Nitarudi.”

Watu wakapiga makofi. Kijana mmoja wa pikipiki akasema, “Dada, hata miye niko na shemeji kule Goma, umusemeshe kidogo!” Mama wa kabine alinipa karanga. Nilirudi nyumbani natembea kama askofu.

Jumapili wageni walifika. Baba yake Kavira aliifudikiza sahani ya bati katikati ya meza, akaweka simu yake juu, akafungulia sauti mpaka mwisho. Saa sita ikapita. Na robo ikapita.

“Atapiga,” nilisema. “Alilia kabisa.”

“Kambale wangu alilia?” mama aliuliza.

Nikawaelezea, nikaigiza na kilio chenyewe, mara mbili. Saa sita na nusu simu ikalia, wote tukasimama, kumbe ni mtu anauliza kama yule mbuzi wa kuuza bado yupo. Mzee mmoja akaanza kutafuta kofia yake. Mama alikuwa amekunja kitambaa cha meza mpaka kikawa kamba.

Ndipo Kavira, aliyekuwa ameinamisha macho kama inavyotakiwa, akayainua.

“Masika, uliomba Kambale mugani?”

“Kambale.”

“Kambale tu?”

Mama hakuomba ruhusa. Alinyakua simu ya mkwe kwenye sahani, akafungua kitabu cha sala, akapiga, na sauti bado iko mpaka mwisho.

“Kambale mugani, mama?” Kampala ikajibu kwa nyumba nzima. “Tuko na Bakambale batano hapa!”

“Fidèle! Fidèle wa Butembo!”

“Ah, Fidèle! Iko anafua.”

Fidèle akaja anahema, mama akamuuliza Masika alimwambia nini Ijumaa. “Masika? Masika hajaniitaka hapa hata siku moja!”

Mzee wa kofia alikaa tena, kwa kicheko. Baba yake Kavira alifuta macho, akasogeza kinywa kwenye simu, akasema yeye ni nani, na kaka yangu, sabuni mikononi, akababaika mpaka maneno yote yaliyohitajika yakatoka. Ilikuwa imebaki kidogo kufika saa saba. Mkwe aliangalia saa yake, akaivua, akaitia mfukoni.

“Yangu inakimbiaka,” alisema.

Hapo ndipo mama aliponigeukia na lile swali.

Kahindo aliponirudishia simu nilimpikia wiki nzima bila kuambiwa. Tangu siku ile, kabla ya kumkemea mtu namuuliza jina la kwao, la ubatizo na la kijiji. Na Fidèle namwita Fidèle, ingawa kwa sauti ndogo.

Niliyemgombeza alikuwa nani, hatukujua. Katika wale Kambale wanne waliobaki, watatu walikataa, wa nne alikuwa amekwisha kuondoka. Fidèle na Kavira walikuwa wameoana kitambo Kavira alipokwenda Masereka kununua viazi na kurudi na habari ya mwanamke wa huko. Mchumba wake alikuwa amepotelea Kampala, watu wamekata tamaa, halafu Jumapili moja, saa sita kamili, simu ya baba yake ikalia wakiwa mezani, na hakuna aliyekuwa akiitarajia. Yule kijana alirudi. Mpaka leo hamwamini dada yake, Masika wa kwao, anapoapa kwamba hakumpigia. Wanalima viazi, na wana mtoto mmoja, wa kike, anaitwa Masika. Angeitwa hivyo hata kama mimi nisingezaliwa, lakini mama yake, ukimuuliza jina hilo ni la nani, anajibu ni la ile simu.