Arubaini Niliyokaa Eldoret

Kwetu Mkomani, kisiwani Amu, mwanamke hahami kumfuata mume. Mume ndiye huja. Binti akiolewa, wazazi wake humtengea chumba, au gorofa nzima wakijaliwa, na bwana harusi huletwa mpaka mlangoni akaambiwa hapa ndipo kwako. Mimi nilipewa gorofa ya juu ya nyumba ya mama. Niliikaa miezi mitatu tu. Mume wangu, mtu wa Matondoni, fundi wa mashine za barafu za wavuvi, akapata kazi Eldoret ya kutengeneza mashine za kupooza maziwa, na mimi nikafunga mizigo.

Sikulazimishwa. Nalisema mapema kwa sababu watu wakinisikia nikimsema mume wangu hudhani aliniburuta. Nilitaka kwenda. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimemaliza kidato cha nne, nimechoka na mtaa ambao ukipiga chafya darini, mtu wa nyumba ya tatu anakuombea rehema. Nilitaka mji ambao hakuna anayemjua babu yangu.

Mama hakunizuia. Alinifungia mbuzi ya kukunia nazi, kifuko cha udi, na mkaja wa kujifunga tumbo siku nitakayozaa, na wakati huo hata mimba sina.

"Mama, Eldoret kuna maduka," nikamwambia.

"Na mama wauzwa huko?" akasema, akaendelea kufunga.

Baba yetu alifariki tukiwa wadogo. Mama alitulea watatu: kaka aliye Mombasa, dada yangu mkubwa, na mimi. Mimi ndiye niliyekuwa mdomo. Kila nyumba ina mmoja wa kusema wanayoyafikiria wengine, na kwetu ni mimi.

Eldoret tulipanga chumba na sebule kwenye ua wa mama mmoja mwenye ng'ombe wanne nyuma ya nyumba. Juu mabati, na asubuhi kuta zilikuwa zimelowa kama mtu aliyetoka kukimbia. Wiki ya pili ilinyesha mvua ya mawe. Mimi mvua ya mawe nilikuwa nimeisoma kitabuni tu. Nilitoka na mwiko mkononi nikawatukana watoto wa jirani kwa kutupiga mawe juu ya bati, na barafu ikanipiga utosini. Mama mwenye nyumba alicheka mpaka akashika nguzo. Tangu siku hiyo akawa ananiletea maziwa ya kibuyu, machachu, yenye majivu ndani. Mwanzo niliyamwaga kwa siri. Baadaye nikawa nayadai.

Kwa hiyo mtu asiseme niliteswa. Nilikuwa mgeni, na baridi ile haina adabu, lakini nilikuwa na mume aliyerudi nyumbani mapema, na tulicheka. Kisha nikashika mimba.

Mtoto wa kwanza kwetu huzaliwa kwa mama. Nilikuwa nimepanga kushuka Amu mwezi wa saba wa mimba. Mwezi wa saba presha ikapanda, miguu ikavimba, na daktari akasema habari ya kukaa barabarani siku mbili niisahau. Nilimpigia mama nikilia.

"Basi ntakuya mimi," akasema.

Mama yangu hakuwahi kuvuka Mombasa. Alikuwa hapandi basi bila limau puani. Lakini alisema atakuja, na mimi nikaamini kama mtu anavyoamini kesho kutakucha. Alinunua hata sweta mtumbani, akapigwa picha amelivaa, jasho linamtiririka, akanitumia.

Kwa asiyejua mambo yetu: mwanamke akijifungua huitwa mzazi, na mzazi hukaa ndani siku arubaini. Hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa tumbo, hunyweshwa uji wa pilipili manga, nguo zake hufukizwa udi. Kazi yake ni kunyonyesha na kulala. Na haambiwi habari mbaya. Hilo ndilo kubwa kuliko yote. Mtaa wa pili ukiungua, mzazi ataambiwa watu wanachoma taka. Wazee husema habari mbaya hukausha maziwa, au humchanganya mzazi akili. Na anayesimamia hayo yote ni mama yake, ndiyo maana watu huzalia kwao.

Binti yangu alizaliwa salama. Siku ya tatu tulirudi nyumbani, na aliyenipokea kwenye arubaini ni mume wangu. Aliomba ruhusa ya wiki moja kazini. Dada alimwelekeza kwa simu namna ya kukanda. Fundi wa Matondoni, mikono ya spana, ananikanda mgongo kwa kitambaa cha moto, macho kayafumba kama anayetenda dhambi.

"Fungua macho, utanichoma," nikamwambia.

"Nikifungua nitaona."

"Huyu mtoto alipatikanaje?"

Tulicheka. Nayaandika haya ili nisije nikayafuta.

Mama alikuwa hapendi kuandika kwenye simu. Alituma sauti. Wiki ya kwanza alituma kila siku. "Mwanangu, mimi ni mzima. Juma hili basi zimeyaa. Juma liyalo ntakuya." Siku nyingine: "Ndia ina mvua. Ngoja ikauke." Siku nyingine alimwimbia mtoto tu, halafu akakohoa, ikakatika. Siku ya saba tulimnyoa mtoto nywele bila yeye.

Mama mwenye nyumba akawa ananiuliza kila akileta maziwa. "Mama yako bado?"

"Wiki ijayo."

"Hiyo wiki yenu iko mbali sana. Sisi siku ya nne tuko shambani, na wewe umefunga madirisha ukingoja mtu wa basi."

Siku ya kumi na mbili sauti zilikoma. Zikaja maandishi, na najua mkono wa dada hata kwenye simu. *Mama sauti imekauka. Akusalimu. Mbusu mtoto.* Nikapiga, dada akasema mama amelala. Nikapiga jioni, mama yuko bafuni. Nikamuuliza mume wangu. Akasema mafua, watu wa Amu wote wana mafua.

Siku ya kumi na saba nilipasuka. Matiti yalikuwa yamevimba kama mawe, mtoto analia, uji umeungua, na mimi nimekaa kitandani nikahesabu kwamba mwanamke mwenye afya angekuwa ameshafika Eldoret na kurudi mara nne. Nikashika simu nikamtumia mama sauti. Nilisema hivi, neno kwa neno, maana bado ninayo: "Mama, kama hutaki kuya, sema. Usinifanye mtoto. Mwanao wa huko uko naye kila siku, mimi ndiye wa kutupwa. Basi kaa. Na mimi nikimaliza arubaini sitakuya kwako."

Baada ya kama saa moja alama ikageuka buluu. Imesikizwa. Hakuna jibu. Nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi kwamba imemuuma.

Siku ya ishirini mume wangu alirudi kabla ya adhuhuri. Alikuwa amebeba samaki wa ziwani, yule ambaye huwa anasema ana ladha ya matope. Akampika, akanipikia na uji, akakaa kando ya kitanda akinitazama nikinywa.

"Mama akusalimu," akasema.

"Kasema nini?"

"Kasema ule."

"Mbona macho mekundu?"

"Vitunguu."

"Hukukata vitunguu leo."

"Basi moshi."

Jiko letu ni la gesi. Nikadhani amefukuzwa kazi. Nikaamua nisimuulize, nisimwaibishe, akiwa tayari ataniambia. Alikwenda kuswali msikitini akakaa huko mpaka baada ya alasiri. Mimi nikanywa uji wote.

Siku ishirini zilizofuata alinipa salamu za mama kila siku. Mama kasema mtoto asilazwe kifudifudi. Mama kasema usioge maji baridi. Nilikuwa namjibu, "Mwambie aje aniogeshe." Alikuwa akitoka nje.

Arubaini ilipokwisha nilioga, nikajifukiza, nikamvisha mtoto. Mume wangu akasema, "Twende Amu." Nikasema siendi, nimeapa. Akasema twende tu. Sikubisha sana. Moyoni nilikuwa na haraka kuliko yeye. Siku mbili barabarani nilikuwa natunga maneno. Nilitaka nimwingilie mama kwa kejeli, akasirike, anijibu, tugombane nusu saa, halafu ampakate mtoto yaishe. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukipatana.

Tulivuka kutoka Mokowe kwa boti. Pale forodhani watu walinipa salamu fupi. Wakamwangalia mtoto, mimi hawakuniangalia. Nikafikiri ni unene. Mume wangu alikuwa nyuma na mizigo, akasema tupitie kwa dada kwanza.

"Kwa dada kuna nini? Mimi nakwenda kwetu."

Niliingia dakani, ukumbi wa mlangoni, nikaita kwa sauti ya mtaa mzima, "Haya bibi mkubwa. Wewe hukuja, basi mjukuu amekuja mwenyewe kukutafuta. Toka umwone."

Dada akatoka yeye. Alikuwa na kanga kichwani, na hakusema karibu. Nikampita nikaingia chumbani kwa mama. Kitanda kilikuwa kamba tupu. Godoro halipo, mito haipo, na sakafu imesuguliwa. Nilisimama pale. Nyuma yangu dada alikuwa ananitoa mtoto mikononi, kidole kimoja kimoja, kwa sababu nilikuwa nimembana.

"Kaa kitako," akasema.

"Sikai. Mama yuko wapi?"

"Mama amefariki. Leo siku ya ishirini na mbili."

Ilikuwa sukari. Alikuwa na kidonda cha mguu tangu kabla sijazaa, akakificha, kikaharibika. Alilazwa siku yangu ya kumi. Alikufa asubuhi, akazikwa baada ya alasiri siku hiyohiyo, kama tunavyozika wote. Haya dada aliyasema kwa utaratibu, kama mtu aliyekwisha kuyarudia mbele ya kioo.

"Nani kamuosha?"

"Mimi na shangazi."

Makaburini wanawake hatuendi. Wanaume hubeba, huswali, huzika. Binti amebakishiwa kuosha tu. Maji, karafuu maiti, kumsuka nywele mara ya mwisho. Hayo ndiyo yangu, na wakati watu wanamwosha mama yangu mimi nilikuwa Eldoret nakunywa uji.

Nilitoka dakani. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye baraza la mawe, mizigo bado begani.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Samaki ule."

"Sikujua nifanye nini na mikono," akasema.

"Siku ishirini unaniletea salamu za maiti."

"Mzazi haambiwi."

"Nani kakuambia? Mimi ndiye mkeo, si mtaa."

"Yeye. Alinipigia kutoka hospitali akaniapisha. Akasema akipona atakuja mwenyewe, na asipopona, usiambiwe mpaka utoke ndani."

"Na wewe ukaapa."

"Niliapa. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Nilimtupia kiatu. Kilimkosa kikapiga mlango. Sikumjibu kwa sababu jibu nilikuwa nalo. Nilipokuwa na miaka kumi na mitano nilitumwa kupeleka uji kwa binamu yangu aliyekuwa mzazi. Baba yake alikuwa taabani Mombasa. Nikaambiwa akiuliza niseme amekwenda Pate kuangalia shamba. Akauliza. Nikasema, na nikaongeza kwamba mwaka huu minazi imezaa vizuri. Shangazi walinisifu kwamba nina akili. Baba yake alikufa na yeye akijua yuko Pate.

Kwa hiyo hasira yangu haina pa kukaa. Nikiipeleka kwa mume, anasema aliapishwa. Nikiipeleka kwa dada, anasema ni amri ya mama. Nikiipeleka kwa mama, mama hayupo.

Mume wangu alirudi Eldoret baada ya wiki mbili. Anapiga simu kila siku, anakuja akipata likizo, ananiuliza nitapanda lini. Simchukii. Lakini akiniambia leo kumenyesha, najikuta nataka kumuuliza jirani yake kama ni kweli. Mimi nipo gorofa ya juu, ile niliyopewa. Chini, kwa mama, amehamia dada na watoto wake. Binti yangu sasa anasimama kwa kushika ukuta.

Kilichobaki ni ile sauti ya siku ya kumi na saba. Nataka kujua kama mama aliisikia. Mara ya kwanza nilimuuliza dada, wiki ileile niliyofika, akasema, "Simu nilikuwa nayo mimi. Nilisikiza peke yangu nikaizima. Mama hakujua kitu." Nikapumua. Miezi baadaye, tukichambua mchele, nikamuuliza tena kama mtu asiyekumbuka. Akasema, "Alisikia. Alicheka. Akasema huyu mdomo ameutoa kwangu." Akasema vizuri, bila kupepesa macho.

Moja ya hizo ni uongo, au zote mbili. Juzi nilishuka nikamkalia mbele, nikamwambia, dada, mimi si mzazi tena. Maziwa yakikauka yakauke, mtoto anakula wali. Niambie ilivyokuwa. Kama alilia, sema alilia.

Dada alikuwa anakuna nazi. Alikuna mpaka kifuu kikabaki kitupu, akakiweka kando, akachukua kingine.

"Mtoto alia huko juu," akasema. "Nenda kamnyonyeshe."

Nikatega sikio. Huko juu kulikuwa kimya.