Neno Tulilolitoa Video

Sweta ya shule ikilowa mvua hunuka mbuzi. Wiki jana mwanangu wa chekechea alirudi nyumbani akichuruzika maji, nikamvua sweta nikaitundika karibu na jiko, na mvuke ulipoanza kupanda nilijikuta nimesimama na mwiko mkononi, sikumbuki nakoroga nini. Kwangu mimi hiyo si harufu ya shule. Ni harufu ya video.

Ngoja nieleze, maana watoto wa siku hizi wanadhani video ni kitu cha kutazama kwenye simu. Kwetu, upande wa Chepilat, video ilikuwa mahali. Ilikuwa chumba cha mabati nyuma ya duka la mbolea, chenye mabenchi ya mbao ambazo hazikupigwa randa na televisheni moja iliyofungiwa ndani ya sanduku la nondo. Mvua ya jioni ikishika, na kule kwenye mashamba ya chai haikosi kushika, tulitoka shuleni mbio tukajazana humo mpaka ukutani, sweta zikifuka. Mwenye video alikuwa mzee mpole. Alisimama mlangoni akatutisha, "Nyamazeni, ama nafunka hii kitu!" Hatukunyamaza, naye hakufunga hata siku moja.

Kulikuwa na filamu za karate na filamu za vita, lakini sisi wa darasa la sita tulitaka za dansi. Unazijua. Vijana wamegeuza kofia, wanacheza barabarani, kundi hili na kundi lile, na mtaa mzima umewazunguka. Nikikumbuka sasa kilichotushika, si miruko peke yake. Katika filamu zile hakuna mtoto anayetumwa maji. Hakuna ng'ombe wa kukamuliwa wala kikapu cha majani chai kinachokungoja ukitoka shule. Mtu akikukosea, unamwita katikati, unacheza, na kesi imeisha. Tena kulikuwa na jambo moja tulilolipenda kuliko yote: aliyefukuzwa kwenye kundi lazima arudi. Kundi linazidiwa, dakika zimebaki chache, mlango unafunguka, na yuko pale na begi begani. Tuliona filamu moja labda mara ishirini, na mara zote ishirini mlango ulipofunguka tulipiga kelele mpaka mabati yakalia.

Kiingereza cha vijana wale hatukukisikia. Juu ya sauti zao kulikuwa na dijei, mtu fulani wa Nairobi aliyesimulia kila kitu kwa Kiswahili chake cha mtaani, akaongeza chumvi alivyotaka. Mtu akisaliti kundi, dijei alisema "kikulacho ki nguoni mwako," nasi tukaitikia. Na kundi likishindwa, alianza polepole, kwa makofi, "Rudi kwenu! Rudi kwenu!" mpaka chumba kizima kikawa kinapiga makofi pamoja naye. Nilipenda hapo. Nilikuwa mtoto wa kupenda hapo, na sitawadanganya.

Tukaunda kundi letu. Kiongozi alikuwa binamu yangu Kibet, ambaye alikuwa na kofia. Hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yake ya uongozi. Tulikuwa sita, tukifanyia mazoezi kwenye kituo cha kuuzia majani, kwa sababu ndiyo sakafu pekee ya simiti iliyokuwa laini, imesuguliwa na magunia miaka na miaka. Lori likishapakia na kuondoka tulitandika gunia la nailoni, mtu akalalia mgongo, akazungushwa. Tulirudi nyumbani na migongo ya kijani.

Tungebaki hivyo, watoto sita wanaozungushana kwenye gunia, kama si Atieno. Alikaa laini, yaani zile nyumba za wafanyakazi wa shamba kubwa la chai ng'ambo ya mto, ambako mama yake alikuwa mchuna majani. Wazazi wake walitoka ziwani kabla hajazaliwa. Alisoma darasa letu, na kila jioni mama yake alikuja kwetu na chupa kuchukua maziwa, akapiga gumzo na mama yangu mpaka chai iwive. Kwa hiyo mimi ndiye niliyemleta Atieno kituoni. Najilaumu kwa mengi, na hilo pia limo.

Atieno alicheza ukasahau kufunga mdomo. Hakuhitaji gunia. Alisimama wima, mabega yakaondoka peke yao, magoti yakafuata, halafu kila kitu kikakatika ghafla na yeye akabaki anakutazama. Kibet alivua kofia akamvika. Kabla ya hapo, wa mbele nilikuwa mimi. Baada ya kofia ile nilipelekwa nyuma, mkono wa kushoto, kando ya nguzo, na nikaambiwa nipige makofi.

Alitufundisha hatua zote, moja moja, kwa uvumilivu ambao sisi hatukuwa nao. Siku moja tukichuna majani kwenye shamba letu, mimi na yeye, nilimuuliza alizitoa wapi. "Ni za brathe yangu Odhiambo na watu wa laini," akasema. "Zingine nimeongeza. Usijali, nilimwambia." Aliniambia hivyo waziwazi, vidole vikiwa kazini, wala hakunong'ona. Nikasema sawa.

Ulikuwa mwaka wa kampeni. Watu wazima walikuwa wakiongea karibu na redio, wakinyamaza mtoto akipita. Nilimsikia baba akimwambia jirani, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba hawa wa laini siku moja watarudi kwao. Atieno naye aliwahi kunieleza kwamba mwaka mmoja wa vurugu za uchaguzi, akiwa mdogo wa kubebwa, mama yake alilala naye kituo cha polisi majuma mawili. Yote mawili niliyajua. Yakumbuke, maana mtu akisema watoto hawajui, mimi hucheka.

Basi Kibet akapanga pambano, sisi na kundi la Odhiambo, Jumamosi mchana kwenye ukumbi wa laini. Atieno alifurahi kupita kiasi. Angecheza na sisi mbele ya kaka yake na mama yake, na alikuwa anasema tukimaliza wote tucheze pamoja, makundi mawili, kama mwisho wa filamu. Hakuwa na viatu vya kuchezea. Nilimwazima raba zangu nyeupe, na mama yangu akanisifu kwa roho nzuri.

Ukumbi ulijaa. Kina mama wa laini walikaa nyuma na watoto migongoni, wengine bado wamevaa aproni za plastiki za kuchunia. Wenyeji walitangulia. Odhiambo na wenzake watano wakaingia, muziki ukaanza kwenye simu iliyowekwa ndani ya sufuria ili isikike, na wakacheza dansi yetu. Mabega, magoti, kukatika ghafla, kila kitu. Ilikuwa dansi yetu tangu mwanzo mpaka mwisho, tena walikuwa wameijua vizuri kutuzidi.

Kibet alipauka. Akatuvuta kwenye kona. "Ametuuza! Huyu ametuuza!" Atieno alikuwa bado anawapigia kaka yake na wenzake makofi, hajui. Kibet akanigeukia. "Wewe ndio beste yake. Ulijua?"

Hapo ndipo ningesema. Ilikuwa sentensi moja: hatua ni zao, tuliozichukua ni sisi. Nilitazama kofia kichwani mwa Atieno na raba zangu miguuni mwake. "Mimi sikujua," nikasema. Halafu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akijua la kufanya, nikaongeza, "Kikulacho ki nguoni mwako."

Watu wamenitazama kwa heshima mara chache maishani. Hiyo ilikuwa mojawapo.

Zamu yetu ilipofika tulitoka katikati, Atieno mbele. Muziki ukaanza, naye akaanza, na sisi hatukucheza. Alipiga hatua tatu peke yake kabla ya kugeuka. Nikamwambia, kwa sauti ya ukumbi mzima, "Vua raba."

"Nini?"

"Vua raba zangu. Na kofia. Msaliti."

Alicheka kwanza, akidhani ni kitu tumepanga bila yeye, kitu cha kuchekesha watu. Kibet akamnyang'anya kofia. Ndipo akainama akafungua kamba, akatatizika kwenye fundo la kushoto, na hakuna aliyemsaidia. Aliniletea raba mkononi. Nikaanza makofi, polepole, jinsi dijei anavyoanza. Rudi kwenu. Rudi kwenu. Kibet akaitikia, halafu wote sita, halafu na watoto wa upande wetu waliokuja kutushangilia, ishirini hivi au zaidi, wakikanyaga sakafu kwa magamubuti.

Atieno alisimama pekupeku. Hakuelewa, na nawaapia hakuwa anajibu kwa kiburi. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua. "Kwetu wapi? Si kwetu ni hapa tu, nyuma ya dispensari?"

Tulicheka mpaka makofi yakaharibika. Tukayaanza upya.

Odhiambo hakutupiga. Alimshika dada yake mkono wakatoka nje. Kule nyuma kina mama walikuwa wamesimama wote, bila mtu kuwaambia, wakafunga leso za watoto vizuri na kutoka mmoja mmoja kwa mlango mdogo. Hakuna aliyetugombeza. Katika filamu ukumbi hunyamaza hivyo mshindi akishajulikana, kwa hiyo tulijua tumeshinda. Tulirudi nyumbani tukiimba.

Jumatatu jioni Mama Atieno alikuja kwetu. Hakubeba chupa. Niliona hilo kabla ya kuona uso wake, nikajua nimekwisha. Nikasimama mlangoni mwa jikoni, tayari kukimbia.

Alikaa kwenye kigoda chake cha siku zote. Aliongea juu ya mvua. Aliongea juu ya maharagwe. Kisha akasema, "Watoto walicheza Jumamosi."

"Nilisikia," mama akasema.

"Wanajua maneno makubwa."

"Wanayatoa kwa video, Mama Atieno. Watoto ni watoto."

"Ni ukweli." Akanitazama pale mlangoni, kwa muda, wala si kwa hasira. "Na huyu wako anajua kucheza." Mimi, jinga la mwisho, nikaona fahari. Akamgeukia tena mama. "Na wewe Mama Chelangat, wewe ni mtu wa hapa. Unaonaje? Mambo itakuwa sawa huu mwaka?"

Mama alikuwa akikoroga chai. Aliendelea kukoroga kitambo. "Hiyo Mungu ndiye anajua," akasema. Halafu, "Kama mnaenda kusalimia watu nyumbani, afadhali mwende mapema. Barabara huharibika."

"Sawa," akasema Mama Atieno. "Asante kwa kuniambia."

Waliondoka Alhamisi, yeye na Atieno na wadogo, na godoro juu ya gari. Odhiambo na baba yao walibaki kwenye kazi. Uchaguzi ulikuja ukapita, na mara ile kwetu hakukuwa na vurugu yoyote. Hawakurudi. Kituoni tuliendelea na mazoezi, na nafasi ya mbele tuliiacha wazi. Hatukuiacha kwa majuto. Tuliiacha kwa sababu aliyefukuzwa hurudi, tulikuwa tumeona mara ishirini. Lori likichelewa na mlango wa kituo ukigonga kwa upepo, wote sita tuligeuka. Muhula ukaisha, ndipo Kibet akanirudisha mbele.

Juzijuzi niliitafuta filamu ile kwenye simu, yenyewe, bila dijei. Hakuna mahali wanaposema rudi kwenu. Kundi lililoshindwa linapewa mkono. Lingekuwa jambo rahisi kumtupia dijei lawama, lakini yeye alilisema juu ya picha za watu wasiomsikia. Mimi nililisema kwa mtoto aliyekuwa ameniambia mama yake alilala wapi.

Lakini hilo la makofi nililijua mapema, nikiwa bado nimevaa sare. Lililochukua miaka ni jioni ile ya Jumatatu. Kwa muda mrefu nilimshukuru Mama Atieno moyoni kwa kutonishtaki. Nilidhani alikuja kusema na akasamehe. Leo nina mtoto, naishi mjini kwa watu wa kabila lingine, na nimewahi mimi mwenyewe kukaa jikoni kwa jirani nikiongea juu ya mvua na bei ya mboga hali moyo uko kwingine. Hakuja kunishtaki. Alikuja kutafuta mtu mmoja wa hapa amwambie, kaeni. Ni neno fupi. Mama yangu alikuwa nalo. Mimi pia nilikuwa nalo, pale mlangoni, na pengine yeye alinitazama kwa muda wote ule akinipa nafasi.

Tukamwongezea chai.