Mgeni wa Chuo Kikuu Ametuletea Mbuzi Watatu

Mhariri, jina langu lifiche kabisa, maana hapa mtaani Umoja ukikohoa, jirani anakuambia pole. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na mitatu, napiga taipu ofisini Industrial Area, na bado naishi kwa wazazi. Sisi ni Wakamba. Mchumba wangu ni Mluhya wa kiwandani, na wazee wake wanakuja kuniposa mwezi ujao.

Sasa, chuo kikuu kina mpango wa kuwaweka wanafunzi wa nje kwenye familia za hapa, wajifunze Kiswahili na mila zetu. Sisi tukapewa Mswidi, nimwite Eriki. Mpole, anakula kila kitu, anaosha vyombo mpaka majirani wanakuja kuchungulia. Nikasema chuo kimetuletea ndugu.

Juzi akashuka kwenye pikapu ya kukodi na mbuzi watatu, akamkabidhi baba kamba zao. "Asante yangu, Mzee." Baba akazipokea. Jamani! Kwetu Wakamba kijana akimletea baba wa msichana mbuzi watatu na wakapokelewa, huyo msichana ni wake. Hiyo ndiyo ndoa yenyewe, kanisa huja baadaye.

Nilimwambia mama, "Mzungu hajui." Mama akanicheka. "Hajui, na chuoni anasomea mila? Mbona hakuleta wawili? Mbona hakuleta sukari?"

Tangu hapo moyo wangu hautulii. Siku ile alikuja na kamera, akampiga baba picha ameshika kamba. Picha ya nini? Nilipomwuliza habari ya mbuzi alifundishwa na nani, akasema, "Mwalimu anataka tusisome mila tu, tuziishi." Halafu akatabasamu. Masomo yake yanakaribia kwisha, atarudi kwao. Mimi ni mke wake, au ni zoezi lake la darasani?

Baba naye simwamini. Nikimwomba awarudishe, anafoka, "Nimtukane mgeni?" Lakini nimemsikia akimwuliza Eriki kama baridi ya kwao ni kali sana. Mchumba wangu ameshasikia, anadhani nilijua. "Kumbe ulikuwa unangoja ndege ya Ulaya," akaniambia.

Leo nimetoka kazini nikakuta mbuzi mmoja amechinjwa, na sahani yangu imewekwa kando ya Eriki. Nikasema tumbo linaniuma, maana kuila nyama hiyo ni kukubali. Mama amenifunikia nyama jikoni, na kila nikipita baba anauliza kama nimepona.

Dada zangu, kaka zangu, nishaurini, nifanye nini? Nikimwuliza Eriki mbele ya wazee wangu, naye aseme alijua, je?