Gari Lisilo na Rivasi

Nianze na ujinga wenyewe, msomaji asije akanidhania nina akili halafu akajuta mbele ya safari: niliifungua redio kaseti ya mama yangu, nikang'oa mota inayozungusha kanda, nikaifunga kwenye gari la kuchezea.

Sikuiba. Kuiba ni neno la polisi. Niliazima bila kumsumbua mwenye mali, ambaye siku hizo alikuwa Mwamapalala kwenye msiba wa shangazi yake. Baba alikuwa kwa ng'ombe upande wa Mwanhuzi, kwa hiyo nyumba yote, redio na busara vilibaki mikononi mwangu. Busara ndiyo iliyotangulia kuharibika.

Gari lenyewe msilidharau. Lilikuwa gari la rimoti, lile lisilo na paa, lenye matairi ya nyuma makubwa kuliko ya mbele, ambalo wenyewe wanaliita bagi. Aliliacha mtoto wa mzungu mmoja aliyekuja kufunga mashine kwenye kiwanda cha pamba, zamani za ushirika, wakati hapa Bariadi gari la kuchezea lilikuwa la waya au la kopo. Nilipolipata nikawa mfalme wa mtaa. Kwenye klabu yetu ya mashindano nilishinda peke yangu kwa muda mrefu, hasa kwa sababu nilikuwa nashindana peke yangu.

Kisha likaja soko huria. Wakubwa walisema litaleta wanunuzi wa pamba wengi, na kweli waliletwa, kila mmoja na mizani yake na uongo wake. Sisi lilituletea magari ya rimoti ya bei poa kutoka madukani Mwanza. Ghafla kila mtoto wa wakala wa pamba akawa nalo. Mimi, ili nisipitwe, nikaliunganisha bagi langu na betri ya pikipiki. Likaenda kama risasi hadi katikati ya uwanja, likatoa moshi, likanyamaza. Mota ilikuwa imeungua.

Klabu yetu ilikuwa na mwenyekiti, katibu, mweka hazina asiye na hazina, na katiba. Mwenyekiti alikuwa mtoto wa wakala, tulikuwa darasa moja kidato cha pili, na alivaa saa ya mkononi kubwa kama kikombe. Akanisomea kifungu: mwanachama asiye na gari linalotembea ni mtazamaji.

"Kwa hiyo utakaa pale na wale wadogo," akasema, akinionyesha watoto wa chekechea waliokuwa wanakula udongo.

Nilikaa nao msimu mzima. Walikuwa watu wazuri, lakini mazungumzo yao yalikuwa mafupi.

Ndiyo maana mama alipoondoka nikashika bisibisi. Gari lilikuwa limechakaa kuliko nilivyokumbuka. Matairi ya mbele nilikata upya kutoka kwenye ndala. Shokapu nikaziwekea springi za kalamu za kubofya, na wiki hiyo darasani kwetu kalamu nyingi zilikataa kubofyeka. Bodi niliikata kutoka kwenye kopo la mafuta ya kula, nikaacha maandishi ya "hayana lehemu" yaonekane ubavuni kama mdhamini. Betri za tochi zilizokwisha nguvu nikazianika juani pamoja na michembe ya mama, viazi na betri vikakauka kwa amani.

Ikabaki mota. Mota ya kanda ni kitu cha duara, kidogo, kimya kama mtawa. Nikachomoa puli yake, nikapachika kigia cha mota iliyoungua, nikaibana na kipande cha ndala isicheze. Gari likatembea. Lakini lilitembea kwa mwendo wa maandamano ya Ekaristi. Nikaigeuza mota, nikaona nyuma yake kuna kitundu, na ndani ya kitundu kuna skrubu ndogo. Mtu mwenye akili angejiuliza imewekwa ya nini. Mimi niliizungusha. Mota ikaanza kulia kwa sauti ya juu, magurudumu yakashika kasi. Nikaizungusha mpaka ikagoma.

Jumamosi nikarudi uwanjani, mbele ya lile ghala la ushirika lililofungwa, ambalo siku hizi lilikuwa linahifadhi popo.

"Hilo ni gari au jiko la mkaa?" mwenyekiti akauliza.

"Ni gari. Utalitambua vizuri ukiliona kwa nyuma."

Tulikuwa tunashindana mmoja mmoja kwa kuangalia saa ya mwenyekiti, maana magari yao yote yalitoka kiwanda kimoja: ukibonyeza rimoti moja yanageuka matatu. Unazunguka mapipa mawili, unarudi, halafu unaegesha kwa rivasi kwenye kisanduku kilichochorwa kwa chokaa. Magari yao yalikuwa ya kukimbia kwenye sakafu ya sebuleni. Kwenye mchanga yakawa yanazamisha matairi na kunung'unika. Langu, lenye matairi ya ndala, likapita juu juu, likazunguka mapipa yote mawili na kurudi kabla mwenyekiti hajamaliza kufuta kioo cha saa. Watoto wa chekechea, watu wangu, wakashangilia wakiwa na udongo mdomoni.

"Egesha," mwenyekiti akasema.

Hapo ndipo nilipogundua kuwa mota ya kanda inajua njia moja tu. Nilibonyeza rivasi, gari likatulia. Nikabonyeza tena, likatulia kwa heshima zaidi.

"Gari lisilo na rivasi si gari," akatamka. "Kifungu cha tisa."

"Kifungu cha tisa umekiandika lini?"

"Sasa hivi."

Nikapanda juu ya pipa. "Ndugu wanachama! Kila siku kwenye redio tunaambiwa nchi inakwenda mbele, hakuna kurudi nyuma! Nani kati yenu amewahi kuiona rivasi ya nchi?"

Walicheka mpaka katibu akakaa chini. Ikapigwa kura ya mikono, mwenyekiti akajihesabu mara mbili, bado akashindwa. Nikarudishiwa uanachama wangu wote, na heshima juu.

Kwa furaha ile nilirudi nyumbani, nikaifungua mota, nikarudisha puli, nikaifunga kwenye redio kama ilivyokuwa, hata vumbi nikalipulizia mahali pake. Nilikumbuka kila kitu isipokuwa ile skrubu.

Sasa niwaeleze kuhusu mama. Mama yangu alikuwa ndiyo kwanza ameteuliwa mwalimu wa kwaya ya parokia, mwanamke wa kwanza kuishika ile fimbo ya kuongozea. Kabla yake alikuwapo mwalimu wa zamani, mzee mmoja aliyeimbisha polepole kiasi kwamba kati ya "Ale" na "luya" ungeweza kutoka nje, ukachungulia mbuzi, ukarudi. Mwaka uliotangulia kwaya yetu ilikwenda tamasha la Lamadi ikashika mkia. Paroko akampa mama fimbo kwa majaribio: akifanya vizuri Lamadi, abaki nayo; akishindwa, inarudi kwa mzee. Na mzee hakujificha. Alikuwa anakuja kwenye mazoezi kila siku na kusimama dirishani kama mtu anayesubiri basi.

Mama alirudi toka msibani Jumapili jioni akiwa amebeba kanda aliyopewa na paroko. Ndani yake ulikuwa wimbo wa lazima, ule ambao kwaya zote zingeuimba Lamadi. Jumatatu akabeba redio hadi kanisani. Mimi nilikuwa nje nafagia kwa adhabu nyingine isiyohusika hapa. Akabonyeza.

Wakatoka vifaranga waliomwona mwewe.

Ufagio ukanidondoka. Hata besi walikuwa na sauti za darasa la pili. Wimbo ulianza, ukakimbia, ukaisha, na kwaya nzima ikabaki inaangaliana.

"Mayu, ndiyo wanavyoimba Mwanza siku hizi?" akauliza mama mmoja wa sauti ya kwanza.

Mama yangu alifikiri. Matangazo ya redio yalikuwa yanasikika sawasawa, kwa hiyo redio haikushukiwa. Kanda nyingine alizokuwa nazo zilishamezwa na redio hiyohiyo, hapakuwa na ya kulinganishia.

"Mambo yamebadilika," akasema. "Kila kitu sasa ni haraka. Sauti tutazishusha, hatuna mapafu ya ndege. Ila mwendo tutaufuata."

Ningesema siku ile, ningechapwa siku ile. Nikaona bora kipigo kisogezwe mbele. Nilikusudia kuirudisha skrubu kimyakimya, lakini redio ilikuwa imeshakuwa mali ya Kanisa: mama alikuwa anaifungia kwenye sanduku la nguo, ufunguo shingoni pamoja na rozari. Basi kila jioni nikawa nasikiliza watu wazima, wakulima wenye vitambi na magoti yao, wakifukuzana na mota niliyoikaza kwa ajili ya mapipa mawili. Na walikuwa wanaiweza! Mama aliwakatia pumzi vipande vipande, akawafundisha kupokezana, besi wakivuta hewa wenzao wanashika. Mzee mmoja wa besi alizoea kuja na kanga ya mkewe ya kufutia jasho.

"Huo ni wimbo au mmevamiwa na nyuki?" mwalimu wa zamani akauliza toka dirishani.

"Mwadila, mwalimu," mama akamsalimia bila kugeuka. "Ingia ukae, au utasinzia hapohapo umesimama?"

Tulikwenda Lamadi kwa lori la pamba aliloazima paroko. Tukashuka na nyuzi za pamba vichwani, kwaya nzima ikaonekana imezeeka njiani. Mimi nilibeba ngoma. Uwanja ulikuwa karibu na soko la samaki, na wachuuzi walikuja na mabeseni yao, kwa hiyo nyimbo zote za siku ile zilinukia dagaa.

Kwaya ya kwanza ikapanda, ikaimba wimbo wa lazima. Taratibu. Kwa raha zao.

"Masikini, hawa wamekosea," mama wa sauti ya kwanza akanong'ona.

Ikapanda ya pili. Taratibu vilevile.

"Na hawa nao?"

Kichwa cha mama yangu kilianza kugeuka polepole, kikapita besi, kikapita ngoma, kikafika kwangu.

"Bebe, wewe."

"Naam, mayu."

"Redio yangu uliigusa?"

"Kidogo."

"Kidogo wapi?"

"Kwenye mota. Kuna kiskrubu... nilikuwa nataka gari likimbie."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukipita kwenye hali nyingi hivyo bila kusogea. Na hapohapo tukaitwa. Mwalimu wa zamani akasogea, macho yanang'aa kama mtu aliyeletewa pilau.

"Nilisema! Waambie wapunguze mwendo, bado hujachelewa. Au nipe hiyo fimbo niwaokoe."

Mama aliitazama fimbo mkononi mwake. Kisha akawatazama wanakwaya wake, wenye pamba vichwani, ambao hawakujua lolote na walikuwa wanamngoja.

"Nikiwafungia breki sasa watagongana," akasema, akapanda jukwaani.

Waliimba. Mungu wangu, waliimba. Jaji wa katikati alikuwa bado anatafuta kalamu wakati ubeti wa kwanza umeshapita. Besi wakavuta hewa, wenzao wakashika, wakapokezana kama watu wanaorushiana tofali. Mimi kwenye ngoma nilipotea mara moja nikarudi kwa kukimbia. Wachuuzi wa samaki wakaweka mabeseni chini, wakaanza kucheza, beseni moja likapinduka na hakuna aliyeinama. Wimbo ulipoisha uwanja ukapiga kelele: urudiwe! Majaji wakakataa. Uwanja ukasema urudiwe hivyohivyo. Ukarudiwa.

Matokeo yakasomwa. Kwenye kupatana kwa sauti, alama nzuri sana. Kwenye kutamka maneno, nzuri. Kwenye mwendo, sifuri, na jaji akaongeza kwa mdomo kwamba kwaya ya Bariadi imwambie polisi inamkimbia nani. Tulishika nafasi ya pili kutoka mkiani.

Ndani ya lori mwalimu wa zamani alimsogelea paroko. "Baba, umejionea. Fimbo sasa."

Paroko alikuwa bado anajipepea. Mwenyewe alikuwa amecheza. "Mwaka jana tulikuwa wa mwisho, na watu walilala," akasema. "Mwaka huu si wa mwisho, na watu walisimama. Fimbo ibaki ilipo."

Wanakwaya wakashangilia. Mama hakushangilia. Alikaa ameikumbatia fimbo yake, ananiangalia, na toka Lamadi mpaka Bariadi barabara ile mbovu haikunipa hata shimo moja kubwa la kunirusha nje.

Tulipofika nyumbani alivua ufunguo shingoni, akaitoa redio, akaiweka mezani.

"Nionyeshe."

Nilifungua, nikaizungusha skrubu mpaka sauti za kwenye kanda zikawa za watu. Sauti nzuri, nzito, zisizo na haraka. Mama alisikiliza amesimama, mkono mmoja kiunoni. Ubeti wa kwanza. Ubeti wa pili. Kwenye wa tatu akapiga miayo.

Kisha akasema: "Irudishe ulivyokuwa umeiharibu, ng'wanawane, hawa wanaimba wamelala. Ukimaliza, jembe liko nyuma ya mlango. Lile shamba lote la pamba mwaka huu utalipalilia peke yako, na usinirudie nyumbani katikati ya mstari, maana na wewe huna rivasi."