Maziwa ya Fundi Vanishi

Kaka yangu amepuliza vanishi kwenye makabati ya watu kwa miaka thelathini na moja, na miaka yote hiyo kinga yake ilikuwa maziwa. Mafundi wote wa karakana yao wanaamini hivyo: ukinywa nusu lita kabla ya kuwasha mashine, mvuke wa thina wanayoyeyushia vanishi hautakudhuru, utapita tu na kwenda zake. Barakoa walizopewa zinaning'inia kwenye misumari, zina vumbi kuliko sakafu. Wenzake wanamwita Kioo, maana meza aliyoimaliza yeye unaweza kujitazama ukachana nywele. Jina hilo analipenda kuliko alilopewa na baba.

Mimi ni mdogo wake, nauza katika duka la dawa. Miaka kumi na tisa nimesimama nyuma ya kaunta ile, miguu imevimba, na tabasamu nalivaa asubuhi pamoja na koti jeupe. Nimechoka, nasema wazi. Nimechoka zaidi na watu wanaokuja kununua ujana.

Mwaka huu ujana umekuja ndani ya kopo la kijani. Ni vidonge vya peptidi fupi, yaani protini iliyokatwa vipande vidogo vidogo, na kopo linasema vinalisaidia ini na kuchelewesha uzee. Mwenye duka alituita akatufundisha maneno ya kusema. "Mama, ini lako linazaliwa upya." "Mzee wangu, na hizo chumvi zote ulizokula, utarudi kijana." Mdomo wa kuuza ninao. Nikawa nayamwaga tu maneno hayo, na makopo yakawa yanatoka kama njugu. Chini kabisa ya kopo kuna maandishi madogo kama sisimizi: bidhaa hii haitibu ugonjwa wowote. Hayo hakuna aliyeniuliza, nami sikujisumbua kumsomea mtu.

Kaka alikuja dukani wiki moja baada ya kutoka hospitali. Macho yana umanjano kwa mbali, suruali ameifunga kwa kamba kwa sababu mkanda umeisha matundu. Ini limeanza kuharibika. Daktari alikuwa amemwambia aache kupuliza vanishi, na kama hawezi kuacha mara moja, basi barakoa yenye vichujio isimtoke usoni, kisha arudi kupimwa baada ya miezi minne.

"Ile barakoa inanikaba, mdogo wangu," alisema. "Jasho linaingia machoni, mkono unatetemeka, vanishi inachuruzika. Jana nimerudia mlango mmoja mara tatu. Hamna kitu kingine hapa?"

Nilipaswa kusema hamna. Lakini nilikuwa nimehudumia watu tangu asubuhi, na ulimi ukajiendea wenyewe.

"Jaribu hivi, kaka. Ini linazaliwa upya."

Akaligeuzageuza kopo, akauliza vimetengenezwa na nini. Nikamweleza habari ya protini.

"Protini kama ile ya maziwa?"

"Kama hiyo hiyo, ila imekatwakatwa."

Akacheka, mara ya kwanza siku hiyo. "Aa, basi hapo umenena."

Akaondoka na kopo mfukoni, nami nikamgeukia mteja aliyefuata. Sikumfikiria tena mpaka nilipofunga duka.

Miezi minne ilipotimia alikuja na karatasi ya majibu, akakaa kwenye benchi la wateja bila kusalimu. Nikaisoma. Nimeziona karatasi za aina hiyo za kutosha. Namba za ini zilikuwa zimepanda karibu mara mbili.

"Labda dozi ilikuwa ndogo," alisema. "Nipe nimeze vinne vinne."

"Kaka, barakoa unavaa?"

Alinitazama kama vile nimemtania. "Ya nini tena? Asubuhi nameza viwili, napiga kazi. Hata maziwa nimeacha. Si ulisema ni kitu kile kile, ila kimetengenezwa kitaalamu?"

Sikusema kitaalamu. Lakini yaliyobaki nilisema yote, tena kwa tabasamu. Nikatoka nyuma ya kaunta, nikakaa benchini pembeni yake, jambo ambalo mwenye duka halitaki hata kulisikia.

"Havikingi kitu, kaka. Na havitibu. Imeandikwa pale chini."

Akalitoa kopo, akalisogeza mbali na macho, akalisogeza karibu. Miwani hana. Akalirudisha mfukoni.

"Wewe mwenyewe unavimeza?"

"Hapana."

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja."

Nilitamani anitukane. Angenitukana ningepumua. Yeye akaikunja karatasi taratibu, mara mbili, mara nne, kwa vidole vyake vyenye madoa ya kahawia yasiyotoka kwa sabuni yoyote.

"Ile wiki ya kwanza nilikuwa naivaa," alisema. "Daktari alinitia hofu. Inanikaba, lakini naivaa. Niliivaa mpaka siku ile niliyotoka hapa kwako."

Basi aliyemvua barakoa ni mimi. Mimi, mwenye mdomo wa kuuza.

"Leo daktari amesema niache kabisa," aliendelea. "Nisisogee hata mlangoni mwa karakana. Mimi najua kupuliza tu, mdogo wangu, sijui kingine. Nenda nyumbani ukamwambie wifi yako. Mimi sina uso wa kumwambia."

Nikavua koti, nikamwambia mwenye duka nina dharura, nikatoka kabla hajajibu. Njia nzima nilikuwa najipanga nianzie wapi, na sikupata pa kuanzia.

Wifi alikuwa uani anakunja nguo. Aliponiona akaziacha zote, akanikumbatia kwa nguvu.

"Wifi yangu jamani! Nilitaka nikuone nikushukuru. Vile vidonge vyako! Kaka yako siku hizi hana habari na barakoa, halalamiki joto, anafanya kazi kama zamani. Nikasema wifi akija tena namwomba na mimi aniletee kopo." Akanitazama mikono. "Umeniletea?"

Nikamwambia akae chini kwanza. Akakaa, bado anatabasamu, akaipokea mikono yangu mitupu akaishika.