Binti wa Viatu wa Don Eleuterio

Zenaida Ñaupari hakumpenda Don Eleuterio Camarena tangu siku alipoajiriwa kuosha mitungi katika kiwanda chake cha maziwa pale Concepción, mji wa bondeni. Don Eleuterio naye hakuwahi kuficha kwamba alimwona kama mbuzi aliyepotea njia. Mwanamke mtu mzima, hana mume, na jua halijachomoza anakimbia kando ya mto Mantaro kwenye baridi inayopasua midomo. Agosti ikifika anabeba hema na kupotelea milimani, avuke theluji kwa miguu mpaka atokee upande wa msituni.

"Unakimbizwa na nani, Zenaida?" bosi alikuwa akimuuliza mbele za watu. "Mume huna. Mbwa wako mwenyewe kafa kwa kuchoka."

Watu wanacheka. Yeye anameza, anaendelea kugeuza jibini. Alimeza miaka kumi na moja, kwa sababu alikitaka cheo kimoja tu: ukuu wa chumba cha jibini. Mzee Poma aliyekishika alikaribia kustaafu, na hakukuwa na mwingine wa kumrithi.

Kisha Zenaida akashika nafasi ya tatu kwenye marathon ya bonde. Ghafla mbuzi akawa mali.

Siku ya sikukuu ya kiwanda Don Eleuterio alisimama na boksi mkononi, akatangaza kwamba yeye ndiye baba wa heshima wa viatu vya Zenaida. Kule kila kitu kina baba yake wa heshima, yaani anayekigharamia: keki ya harusi, sare ya shule, hata paa jipya. Glasi moja ya bia ikaanza kuzunguka mkono kwa mkono; Zenaida akiinywa, amemkubali baba. Fidelia, mfungashaji wa mtindi, akamkanyaga Zenaida mguu.

"Usinywe, mwenzangu. Muulize cheo kwanza."

Lakini glasi ilikuwa imeshafika, na macho yote yalikuwa kwake. Zenaida akanywa, akamwaga povu chini, akawa binti.

Wiki ile ile alikwenda ofisini kuulizia cheo. Don Eleuterio akamkunjulia uso kama baba kweli.

"Mwanangu, tangu lini binti akamdai baba yake cheo? Mambo ya nyumbani tutayapanga nyumbani."

Hapo ndipo alipojua amejifunga mwenyewe. Mfanyakazi angedai; binti anasubiri. Na binti akitumwa, hakatai. Jumapili hii mbio za Jauja, ijayo za Tarma, jina la kiwanda limemjaa kifuani. Likizo yake ya Agosti ikafutwa. Mzee Poma alipoondoka, ufunguo wa chumba cha jibini ukaonekana unaning'inia kiunoni mwa Wilmer, mpwa wa bosi, kijana aliyekuwa akiziba pua kila akiingia mle.

"Anakaimu tu, mwanangu," bosi akasema.

Marathon ya bonde ilipofika tena, Don Eleuterio alimfuata kwa pikapu, kichwa nje ya dirisha.

"Kaza, wewe! Yule wa Jauja anakupumulia kisogoni! Nilikununulia viatu au kandambili?"

"Shuka ukimbie wewe!"

"Na tumbo hili nani atalibeba?"

Alimaliza wa pili. Alipovuka mstari alikuwa na hasira nyingi kuliko pumzi.

Jioni bosi alifanya karamu, nyama na viazi vilivyoivia ardhini juu ya mawe ya moto. Wafugaji wa vijiji vyote walikuwepo, na padri pia. Zenaida akasubiri mpaka kila mtu ameshika chakula, kisha akasimama.

"Baba, mbele ya watu hawa binti yako ana ombi."

Don Eleuterio akaacha kutafuna. Baba wa heshima akimnyima binti yake ombi mezani pake mwenyewe, hakuna atakayepokea tena glasi mkononi mwake, wala kumletea maziwa.

"Nipe chumba cha jibini. Na Agosti yangu."

"Umechagua mahali pa kuniumbua," alinong'ona, meno bado yakitabasamu.

"Na wewe ulichagua mahali pa kunivisha viatu."

Bosi akapaza sauti ili wote wasikie. "Chumba ni chako! Ila mkuu wa chumba hana Agosti, na mbio zinaendelea. Hayo mawili ni yangu."

"Chumba umeshatoa, watu wamesikia," Zenaida akajibu. "Agosti nitaichukua mwenyewe. Kukimbia kwa jina lako ndiko ninakokuachia. Mvishe Wilmer."

Fidelia alicheka mpaka kiazi kikamtoka mdomoni. Padri aliinamia sahani yake.

Ufunguo aliletewa kesho yake. Wilmer aliutupa mezani. Bosi hajamsalimia tangu siku ile. Siku hizi Zenaida hukimbia na fulana isiyo na maandishi, na huishia wa saba au wa tisa, maana chumba kile kinamaliza miguu.

Agosti ilipokaribia, Don Eleuterio aliagiza maziwa maradufu ili Zenaida ashindwe kuondoka. Yeye na Fidelia wakayagandisha yote yakawa jibini. Bosi akasimama mlangoni, akazitazama rafu zilizojaa, akatafuta pa kumshika.

"Chumvi imezidi," akasema, hata hajaonja.

"Basi usile," Zenaida akamwambia. Akavua koti jeupe, akampita bila kumtazama, akaenda zake stendi na hema lake mgongoni.