Ukuta kati yetu na maman wa chini

Ukuta ulianguka Jumapili asubuhi, watu wakiwa misani, ndiyo maana hakuna aliyekufa.

Upande wetu wa mtaa wa Nyalukemba nyumba zimepandana mlimani: ua wa jirani wa juu uko sawasawa na bati la jirani wa chini. Sisi tulikuwa juu. Chini yetu aliishi mjane mmoja na mama yake mzee. Alikuwa akiuza unga wa muhogo unaotoka Kamanyola, na nyumbani tulizoea kumwita "maman wa chini". Baadaye nilikuja kujua kwamba na yeye alituita "bale ba juu", wale wa juu. Kati yetu palikuwa na ukuta wa mawe wa siku nyingi uliozuia udongo wetu usimshukie. Miaka yote tulisalimiana juu ya ukuta huo, yeye akianika muhogo, mimi nikianika nguo, na sikuwahi kuingia nyumbani kwake.

Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo wiki nzima. Tuliporudi kutoka kanisani tulikuta nusu ya ua wetu imeondoka. Kamba ya nguo ilining'inia hewani, mti wake mmoja haupo. Chini, jiko la jirani, kibanda cha mbao kilichoegemea ukuta, lilikuwa limefukiwa lote. Mama mzee alizoea kukaa humo kila asubuhi akiota moto. Siku hiyo tu binti yake alikuwa amembembeleza hadi akakubali kwenda misa.

Nilisimama ukingoni nikingoja matusi. Udongo ulikuwa wetu, na maji yaliyousukuma yalitoka kwenye bati letu. Maman wa chini akapanda kwa njia ya pembeni, kitenge chake cha kanisani kimejaa tope hadi magotini, akanitazama usoni.

"Maman, kwenu beko bazima? Nyumba haikupasuka?"

Machozi yalinitoka mbele ya mtu ambaye jiko lake lilikuwa chini ya udongo wangu, naye ndiye aliyenishika mkono.

Jioni ile tulichimba pamoja. Tulitoa sufuria zilizobonyea, kinu, na mbabula yake ya kupikia kwa makaa iliyokuwa imepinda mguu. Lakini kesho yake kila mmoja alirudi kwake.

Mume wangu anafundisha jiografia chuo kikuu, na si mtu wa kuacha jambo lilale. Chuo na ofisi nyingi mjini vilikuwa vimefungwa wakati huo kwa ajili ya usalama, ofisi yangu pia, kwa hiyo sote tulikuwa nyumbani. Akatafuta fundi, akaanza kujenga ukuta mpya juu, mrefu na mnyoofu, na mfereji wa kutupa maji nje ya ua wetu. Alikuwa na nia njema kabisa. Alisema udongo ni wetu, basi kazi ni yetu. Huko chini maman naye hakutaka kukaa akisubiri. Alikuwa na magunia matupu ya unga, akayajaza udongo na kuyapanga mstari kama ngome. Udongo huo aliuchota pale pale, chini ya kilima.

Nilikuwa nawaona wote wawili kutoka dirishani. Waliamkiana kila asubuhi, kisha kila mtu akainama kwenye kazi yake. Kusema kweli niliona ni jambo zuri: watu wawili wenye bidii, ukuta mmoja.

Mvua iliyofuata haikuwa hata kubwa. Mfereji wa mume wangu ulimwaga maji yote juu ya magunia ya maman, magunia yakalegea, yakaserereka. Na kwa kuwa pale alipokuwa akichota udongo ndipo msingi wa ukuta wetu ulipokuwa umekaa, ukuta nao ukafuata, taratibu, kama mtu anayepiga magoti. Mume wangu alibaki amesimama na mwavuli.

Safari hii maman wa chini hakuuliza kama tuko wazima. Alipanda, akasimama mbele ya mume wangu, mvua ikimchuruzika.

"Papa, weye unajenga juu, mie ninachimba chini. Tuko tunaangushana."

Halafu akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyechoka, lakini kilimshinda mume wangu, naye akacheka, na mimi nikacheka.

"Mukuye kwangu kesho," akasema maman. "Tukae, tuongee. Hapana juu ya ukuta. Ndani."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwake mara ya kwanza. Alitupa chai ya maziwa, mama mzee akakaa kwenye kiti cha pembeni, amejifunika blanketi. Sitasema mazungumzo yalikuwa matamu. Mume wangu alitaka ukuta wa mawe. Maman, aliyezaliwa Walungu kwenye mashamba ya mteremko, alitaka ngazi ngazi za udongo zenye majani ya kushika ardhi.

"Majani itazuia mulima?" mume wangu akauliza.

"Na ukuta yako ilizuia?"

Chai ikapoa. Kisha mume wangu akachukua kipande cha kaa, akachora kilima kwenye sakafu ya saruji, na maman akapiga magoti akafuta kwa kiganja sehemu isiyomridhisha, akachora upya. Wakafutiana na kuchoriana hadi mikono yao ikawa myeusi. Mwishowe wote wawili waliona: chini, ukuta wa mawe usiozidi kimo cha kiuno, wenye matundu ya kupitisha maji, na juu yake ngazi zenye majani. Lakini ngazi zinataka nafasi. Chumba cha kupangisha ambacho mume wangu alikuwa akiota kukijenga pale uani hakingepata mahali tena. Na maji, ili yafike mtaroni barabarani, yangepita pale maman alipotaka kurudisha jiko lake.

Nilimtazama mume wangu. Nilijua jinsi alivyokipenda kile chumba ambacho hakikuwepo.

"Bon," akasema. "Chumba kiende."

"Jiko, nitaipeleka upande ya mulango," maman akasema. "Moshi itaingia kwa salon, hapa tunakaa. Tutazoea."

Kazini kwangu neno ushirikiano limo katika kila ripoti ninayotafsiri, na nimeliandika mara nyingi bila kulifikiria. Siku hiyo nililiona: watu wawili wanaachia, kila mmoja, kitu alichokuwa amekishika.

Gari halifiki kwetu. Mawe yalimwagwa barabarani, na Jumamosi watu wa shirika letu la parokia wakaja, wakajipanga mstari kutoka barabarani hadi kwa maman. Jiwe lilipita mkono hadi mkono. Mimi nilikuwa kati ya mwalimu mstaafu na msichana anayeuza samaki, na baada ya muda hatukuhitaji hata kutazama. Mikono ilijua jiwe linakuja. Mtu alianzisha wimbo wa kanisani, wengine wakadai ni wa polepole mno kwa kazi, ukabadilishwa. Mama mzee aliwekewa kiti mlangoni, akawa anamkemea kila aliyeangusha jiwe.

Mvua kubwa ilikuja wakati majani yalikuwa bado mafupi. Sote tulitoka nje, sisi juu, wao chini. Maji yakashuka kwenye ngazi, yakapungua nguvu, yakatokea kwenye matundu ya ukuta kwa vijito vyembamba vya rangi ya matofali, yakaenda zake barabarani. Maman alinyoosha mkono akayapokea maji ya tundu moja kama anayenawa.

Sasa majani yamesimama, na maman anayakata kulisha sungura. Mwezi uliopita watu wa mtaa wa pili, ambao mlima wao unaanza kupasuka, walikuja kuomba ukaangaliwe. Mume wangu na maman wa chini walikwenda pamoja. Niliwaona wakipanda njia ile ya mawe, maman mbele, mume wangu nyuma akionyesha kitu kwa kidole, na maman akitikisa kichwa kumkatalia.